Viti Vinne Ndani ya Jiko

Jumapili, 8 Juni

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Nilikwenda nikiwa mzima, nimerudi nikiwa matatani.

Chanzo ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu. Mtu ambaye hawezi kuvua viatu mlangoni bila kueleza vimetoka wapi. Leo alituhubiria habari za mgahawa ule wa ghorofa ya tisa. Ati kuna meza moja imewekwa ndani ya jiko lenyewe. Viti vinne tu. Unakaa, Mpishi Mkuu anapika mbele ya macho yako na kukueleza kila kijiko. Mwanyumba anatafuta nafasi tangu mwaka jana. Hajapata. Akasema kama yeye ameshindwa, hakuna wa familia hii atakayeweza. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

Nikajibu kwamba mimi ningepata wiki hii hii.

Sijui kwa nini. Mdomo ulinitangulia. Baba mkwe akaweka kijiko chini. Ni mwalimu mkuu mstaafu, amesimama mbele ya watoto waongo kwa miaka arobaini, sasa anawatambua hata kwa kisogo. Akasema Ijumaa ana nafasi. Gharama ni yake, kazi yangu ni kuleta viti.

Mke wangu alinifinya chini ya meza. Alama ipo.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno, mwaka wa sita sasa. Kitabu cha miadi kiko mikononi mwangu. Ndiyo madaraka pekee niliyo nayo duniani.

Mwenye kliniki ni Daktari, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kupaza sauti. Akikasirika huishusha. Inasemekana siku alipomwachisha kazi karani aliyenitangulia hakuna aliyesikia kitu. Walimwona tu anakusanya vitu vyake.

Saa tatu, Daktari akiwa na mgonjwa, nikapiga simu mgahawani. Dada wa simu akaniambia, kwa sauti ya asali, kwamba meza ya mpishi imejaa mpaka Februari. Nikakohoa. Nikainenepesha sauti. Nikasema mimi ni Balozi. Akauliza balozi wa nchi gani.

Hilo sikulipanga. Nchi zote zilinitoka kichwani kwa pamoja. Nikakata simu.

Dakika tano baadaye simu ya mezani ikalia. Mimi nilikuwa chooni, maana woga hunishika tumboni. Akapokea Daktari. Niliporudi alikuwa bado ameushika mkono wa simu, akanieleza taratibu kwamba kuna mgahawa unamuulizia Mheshimiwa Balozi, simu yake ilikatika. Nikasema labda wamekosea namba. Akasema, labda.

Hiyo "labda" yake imekaa nami kutwa nzima kama mwiba wa samaki kooni.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi simu tena. Nikaipokea kwa vidole viwili. Sauti ya mwanamume, nzito, inatoka upande mmoja kama ya mtu aliyebana kaa la moto mdomoni. Akajitambulisha. Mpishi Mkuu mwenyewe.

Nikajua Balozi amekamatwa.

Kumbe hapana. Dada wa simu aliiandika namba ya Balozi, akaifuatilia, akakuta ni ya kliniki ya meno. Na Mpishi Mkuu ana gego lililomkosesha raha wiki nzima. Anaomba aonwe haraka iwezekanavyo.

Nikafungua kitabu. Kimejaa wiki mbili. Nikamwambia nafasi ipo tarehe ishirini na tano. Kisha nikamsikia mtu mzima, mwenye jiko zima chini yake, akivuta kamasi.

Hapo ndipo wazo likanijia. Nikasema kwa upole kwamba pengine lingefanyika jambo. Nikasema mimi pia, kwa bahati tu, nilikuwa natafuta kitu kigumu kupatikana. Ijumaa. Viti vinne. Jikoni.

Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akasema viti vipo, waliopo watahamishwa. Akauliza aje saa ngapi.

Kesho Jumatano saa tatu ilikuwa ya fundi viatu, mzee mwenye kibanda mkabala na posta. Amesubiri wiki tatu. Nikampigia, nikamwambia mashine imeharibika, aje Alhamisi ya wiki ijayo, nitamchomeka katikati ya wengine. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye akasema tu, "Haya, mwanangu. Poleni na mashine."

Angenitukana ningekula mchana wangu kwa amani.

Nililifuta jina lake kwa raba. Karatasi ikachubuka. Nimeweka kikombe cha chai juu yake.

Jumatano, 11 Juni

Mpishi Mkuu amekuja. Mtu wa miraba minne, mikono kama makoleo. Dereva aliyemleta aliniambia jikoni wanamwita Radi. Radi aliketi kwenye benchi la wagonjwa akitetemeka. Mimi nikiwa nyuma ya kaunta, natetemeka. Kila mtu na lake.

Gego limetoka. Alipotoka, pamba shavuni, aliushika mkono wangu akaukamua. Kisha nyuma ya kadi ya miadi akaandika: Ijumaa, saa moja jioni, viti vinne.

Nikampigia baba mkwe. Akasema tutaona. Nikampigia mwanyumba. Hakusema kitu kwa muda mrefu sana. Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile.

Kwa saa moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Hakuna kinachonitisha kama hiyo hali.

Jioni Daktari akasogeza kikombe, akakitazama kitabu. Akauliza mbona fundi viatu hakutokea. Nikasema alipiga simu, ana udhuru. Sasa nina uongo wa aina mbili mjini. Mmoja anao fundi, mwingine anao Daktari. Ukikutana, nimekwisha.

Alhamisi, 12 Juni

Ulikaribia kukutana saa nne asubuhi.

Mlango ukafunguka, akaingia fundi viatu. Shavu limevimba, kitambaa kimefungwa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Daktari alikuwa chumba cha pili, tumetengwa na pazia. Nikazunguka kaunta mbio, nikamshika mzee kiwiko, nikamrudisha nje kama ndugu yangu aliyepotelea dukani. Akauliza kama mashine imepona. Nikasema kipuri kiko njiani. Nikampa vidonge vyangu vya maumivu kutoka kwenye droo, nikamshauri asukutue maji ya chumvi. Akasema asante, pole kwa kazi. Akaondoka, mkono mmoja ukutani.

Nilimtazama mpaka alipopinda pale posta. Kuna kitu ndani yangu kilisema nimwite. Sikumwita. Nilimwogopa Daktari kuliko nilivyomhurumia mzee. Nayaandika haya kwa sababu hakuna atakayeyasoma.

Saa saba, pigo la pili. Tunakula mchana, Daktari anamsimulia nesi. Kesho anatimiza miaka ishirini ya ndoa. Tangu mwaka jana aliweka nafasi, viti vinne, yeye na mumewe na wakwe zake, kwenye ile meza iliyo ndani ya jiko, kule ghorofa ya tisa. Jana akapigiwa simu. Ati mashine fulani ya jikoni imeharibika, watakaa ukumbini na watu wengine. Nesi akasema pole. Daktari akasema yeye si kitu, ila mama mkwe wake alikwisha nunua viatu vipya.

Nesi akaniuliza nina nini, nimekuwa rangi ya majivu. Nikasema jino.

Lilikuwa jibu baya la kutoa mahali pale. Daktari akaja na taa yake, akaniambia nifumbue kinywa. Akatazama moja moja, juu na chini, mimi nikiona macho yake kwa karibu kuliko nilivyowahi kutamani. Mwisho akazima taa.

"Meno yako mazuri sana," akasema. "Sijui kinachokusumbua ni nini."

Ijumaa, 13 Juni

Naandika saa kumi, nimekwisha vaa. Nimejaribu njia zote za kutoka.

Nilimwambia mke wangu nina homa. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha akanipa shati lililopigwa pasi. Nikampigia mwanyumba aende na rafiki yake badala yangu. Akasema ofisi yake nzima inajua tunakwenda pamoja, lazima tupigwe picha. Nikampigia baba mkwe, nikamuuliza kama Jumamosi isingekuwa nzuri zaidi. Akasema amekwisha kunyoa.

Si hayo tu. Saa tisa Mpishi Mkuu alirudi kliniki. Kidonda kinawaka. Daktari akakisafisha, akakijaza dawa, akamdunga sindano ya ganzi ya nguvu. Nilisikia kupitia pazia. Alimwambia hatahisi kitu mpaka wakati wa kulala, aangalie asijing'ate ulimi. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba leo na yeye atakuwa mgeni wake ukumbini.

Mpishi alitoka, nusu ya uso imekufa, nusu inatabasamu. Akaninyooshea kidole, akataka kumwambia Daktari jambo. Nikajitupa chini ya kaunta kutafuta kalamu. Nilikaa huko mpaka niliposikia mlango ukifungwa.

Mpango: nitavaa kofia. Nitakaa nikiwapa mgongo watu wote. Nitakula haraka.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika mambo ya jana.

Meza iko katikati ya jiko, na upande mmoja ni kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi darini. Ukumbi wote unaonekana, na ukumbi wote unakuona. Niliwahi kiti kinachokipa kioo mgongo. Baba mkwe akasema hicho ni chake, mwanga unamuumiza macho. Nikahamia kinachotazamana na ukumbi. Akasema mezani hatukai na kofia. Nikavua.

Nikamwona. Meza ya karibu na nguzo, mgongo wake kwangu. Anayenitazama ni bibi mmoja mwenye furaha, amenyoosha miguu ili viatu vionekane. Nikainua karatasi ya orodha ya vyakula nijifiche. Ina ukubwa wa kadi ya posta.

Ikaja supu ya uyoga, kikombe cha kumtosha mdoli. Mwanyumba akasema amewahi kunywa nzuri zaidi, akaimaliza kwa funda moja. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini mbona natiririka jasho. Nikasema ni moto wa jiko. Akasema jiko liko upande wake.

Kisha samaki na mchuzi mweupe. Mpishi Mkuu akanijia na kijiko, akainama sikioni kwangu. Akasema kinywa chake kimekufa, hatofautishi chumvi na sabuni, na wapishi wake wakijua, heshima yake imekwenda na maji. Mimi ndiye niliyempatia daktari. Basi nimsaidie. Nionje.

Nikaonja. Woga una ladha yake, naijua tangu utotoni, ladha ya msumari. Sikuonja kingine. Nikasema safi.

Akakunja uso. Sasa najua ilikuwa ganzi inamvuta shavu. Jana nilidhani jibu halijampendeza. Nikasema, labda chumvi kidogo. Akaongeza. Nikaonja, akakunja uso. Nikasema, labda kidogo zaidi. Tulifanya hivyo mara nne. Maisha yangu yote watu wamenilaumu kwa kutia chumvi. Jana nilitia kweli.

Mchuzi ukamwagwa kwenye sahani zetu, na kwenye sahani nyingine thelathini zilizotoka kwenda ukumbini.

Baba mkwe alitangulia. Ni mtu aliyekula chumvi nyingi, lakini si kwa mkupuo mmoja. Macho yakamjaa maji. Akameza, kwa kuwa ni mtu wa kumeza anachopewa. Mke wangu akanywa maji yake, kisha yangu. Mwanyumba, anayeogopa kuonekana mshamba kuliko anavyoogopa kifo, akatueleza kwamba majuu ndivyo wanavyokula, akamaliza sahani nzima huku midomo inamgeuka nyeupe.

Sahani zikaanza kurudi. Moja, tatu, kumi. Kule kwenye nguzo bibi wa viatu alikuwa anakohoa, wanampigapiga mgongoni. Daktari akasimama. Akageuka. Akaanza kuja jikoni.

Nilifikiria chumba cha barafu. Kilikuwa hatua sita. Nilikuwa nimekwisha inuka nusu wakati Mpishi Mkuu alipomwona, akafurahi, akamfungulia mlango mwenyewe na kumleta mpaka mezani petu. Akasema, kwa nusu mdomo, "Huyu ndiye daktari aliyeniokoa." Kisha akanigeukia. "Na bwana huyu ndiye aliyenitafutia Jumatano saa tatu, nami nikamtafutia viti hivi."

Daktari akavitazama viti. Kimoja kimoja, vinne. Halafu mimi. Akashusha sauti, ikabidi niiname nimsikie.

"Jumatano saa tatu ilikuwa ya fundi viatu."

Nikasema ndiyo.

"Udhuru wake ulikuwa nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kila kona ya kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani sikukuta kitu. Nikasema hakuwa na udhuru. Nilimdanganya kwamba mashine imeharibika. Amevimba shavu. Jana alikuja nikamrudisha.

Mpishi akatazama sakafu. Alikuwa na la kwake la kujibu.

Baba mkwe akafuta mdomo. Akakikunja kitambaa mara nne, akakiweka mezani, akasimama.

"Daktari, hiki kiti ni chako," akasema. "Samahani, tumekikalia."

Akasimama mke wangu. Akasimama mwanyumba. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, ila si kwa heshima. Tukapita ukumbini mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wanaotolewa darasani. Pale kwenye nguzo tukapishana na bibi wa viatu, analetwa jikoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba vizuri kabisa, maskini, hajui anaitikia nani.

Ghorofa tisa za lifti, baba mkwe hakusema neno. Chini kabisa akasema, "Maji." Tukanunua kibandani, tukanywa wote wanne tukiwa tumesimama.

Leo asubuhi Daktari amefungua kliniki, ingawa Jumamosi huwa tunafunga. Amenituma nikamlete fundi viatu. Nikambebea mfuko, nikamshika mkono kwenye ngazi. Mkono una moto. Nilikaa sakafuni kwenye korido muda wote alipokuwa ndani, nikisikiliza. Daktari alipotoka aliniambia usaha ulikuwa umeanza kushuka shingoni. Siku mbili nyingine, akasema, na asingekuwa mgonjwa wa kliniki tena. Hakuendelea.

Mzee alitoka akiwa amelegea lakini mwepesi. Akauliza ni nani aliyetengeneza mashine. Daktari akanitazama. Nikamwambia mzee yote.

Akatazama viatu vyangu, ndiyo macho ya kazi yake. Akasema kisigino cha kushoto kimekwisha, nimpelekee. Nikasema nitakileta leo leo. Akasema leo amejaa. Nafasi ipo Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeondolewa kwenye kitabu. Sasa anacho nesi. Mimi niko chumba cha nyuma, naosha vifaa. Hakuna dirisha, hakuna simu. Ni haki. Ningeweza kuwa nakusanya vitu vyangu.

Nimemwapia mke wangu kwamba sitapanga njama tena mpaka nazikwa. Nilimaanisha. Nimemaanisha mpaka saa nne na nusu.

Tatizo ni Daktari. Sijamwomba radhi ipasavyo, na sikukuu yake niliimwagia chumvi. Leo kupitia ukuta nimemsikia anamwambia nesi kwamba mama mkwe wake bado amenuna. Kitakachomtuliza ni ule mchezo wa kuigiza unaooneshwa kwenye ukumbi mkubwa, lakini viti vya mbele vimekwisha mpaka mwisho wa msimu.

Kitambo kidogo nesi akaniletea bilauri. Ndani yake meno ya bandia, seti kamili, juu na chini. Nikayasafishe vizuri, akasema, maana ni ya meneja wa ukumbi mkubwa. Atayafuata kesho saa tatu. Saa nne ana mkutano na wafadhili, na sasa hivi yuko nyumbani, leso mdomoni, hapokei wageni.

Sina mpango wowote. Nafikiri tu kwamba meno huchukua muda kukauka, na kwamba mtu asiye na meno hawezi kutamka "vimekwisha" akaeleweka.

Nimeiweka bilauri juu ya kabati, nyuma ya maboksi ya pamba, nesi hafiki. Safari hii ni kwa nia njema kabisa.